Senti Kubwa ya Shaba ya Marekani, 1793–1857: Historia ya Sarafu na ya Kipimo Chake

Utangulizi

Waandishi wa historia ya fedha wamezoea kushughulikia dhahabu na fedha, madini yaliyojaza hazina za wafalme, na kuiacha shaba kando kama jambo la watu wa sokoni. Lugha zenyewe zimeufuata mwelekeo huo: Kiswahili hutumia neno moja, fedha, kwa madini na kwa mali ya kununulia, na Kifaransa nacho husema argent kwa yote mawili. Hata hivyo sarafu ya shaba ndiyo iliyopita katika mikono mingi zaidi, kwa maana ndiyo iliyonunua mkate, mshumaa na gazeti.

Makala haya yanachunguza senti kubwa ya shaba iliyopigwa chapa katika Jamhuri ya Marekani tangu mwaka 1793 hadi 1857, pamoja na elimu iliyozuka baadaye ya kuikusanya na kuipangia madaraja. Neno senti linajulikana sana kwa wasemaji wa Kiswahili, nalo limetoka katika Kiingereza; wasemaji wa Kongo wanalifahamu ndugu yake wa Kifaransa, centime. Yote mawili yana asili moja katika neno la Kilatini lenye maana ya mia, na sarafu ya Marekani ilikuwa miongoni mwa zile za kwanza kulibeba jina hilo kama sehemu ya mia ya fedha kuu ya nchi.

Suala linalochunguzwa si la sarafu pekee. Kila kipimo kina aliyekitunga, na watu wanapokubali kukitumia huwa wameweka imani yao kwake. Historia ya senti ya shaba inaonyesha jinsi kipimo kilivyoweza kuenea duniani kote, hali mtungaji wake alithibitishwa kuwa aliivunja imani ya wale waliomfungulia milango.

1. Sheria, uzito na uhaba wa shaba

Sheria ya tarehe 2 Aprili 1792 ilianzisha kiwanda cha serikali cha kupiga sarafu katika mji wa Philadelphia, uliokuwa makao makuu ya nchi wakati ule. Mkurugenzi wake wa kwanza alikuwa David Rittenhouse, mwanachuoni wa elimu ya nyota na fundi wa vyombo. Sheria hiyo iliagiza senti iwe na gramu 17 hivi za shaba, ili thamani ya madini yenyewe ikaribie thamani iliyotajwa. Lakini bei ya shaba ilipanda, na kabla ya senti yoyote ya uzito huo kutolewa kwa matumizi ya watu, sheria nyingine ya Januari 1793 iliupunguza uzito hadi gramu 13.5 hivi. Miaka mitatu baadaye, Januari 1796, Rais George Washington alitangaza kupunguzwa tena, hadi gramu 10.9 hivi, na uzito huo ulidumu mpaka mwisho.

Mabadiliko hayo yaliacha alama juu ya sarafu yenyewe. Senti za kwanza zilikuwa nene kiasi cha kuandikwa maneno ukingoni, yaliyoeleza kwamba mia moja za aina hiyo hufanya dola moja. Uzito ulipopunguzwa, ukingo ulikuwa mwembamba mno kwa maandishi, nayo yakaachwa. Msomaji wa historia aliyeshika sarafu mbili za mwaka 1795, moja yenye maandishi ukingoni na nyingine isiyo nayo, ameshika mkononi sera ya fedha kabla na baada ya kubadilika kwake.

Shaba safi ilikuwa adimu. Kiwanda kilinunua shaba kuukuu ya kila namna, na hata sarafu za binafsi zilizotolewa na wafanyabiashara wa New York zilikatwa upya ili zifanywe nusu senti. Baadaye visahani vya shaba visivyo na chapa viliagizwa kutoka Uingereza, hasa katika karakana ya Matthew Boulton, Birmingham. Vita vilivyoanza mwaka 1812 kati ya Marekani na Uingereza vilikatiza ununuzi huo. Ndiyo sababu 1815 ni mwaka pekee, kati ya 1793 na 1857, usio na senti yenye tarehe yake.

2. Mnyororo, shada na kofia

Senti ya kwanza ilitolewa Machi 1793, nazo zilikuwa 36,103. Upande mmoja ulionyesha kichwa cha mwanamke mwenye nywele zilizotawanyika, akiwa mfano wa Uhuru; upande wa pili ulikuwa na mnyororo wa pete 15. Nia ya mafundi ilikuwa njema: pete hizo zilikuwa majimbo 15 ya wakati ule, yaliyofungamana pasipo mwanzo wala mwisho. Lakini watu waliona jambo jingine. Gazetini iliandikwa kwamba uso wa Uhuru ulikuwa kama wa mtu aliyeingiwa na hofu, na kwamba mnyororo ni ishara mbaya kwa nchi iliyojitangaza kuwa huru.

Lawama hiyo ilikuwa na uzito kuliko pengine walioitoa walivyodhani. Tarehe 12 Februari mwaka huohuo, majuma machache kabla ya senti hizo kutoka, Rais Washington alikuwa ametia sahihi sheria iliyompa mwenye mtumwa haki ya kumkamata mtoro hata katika jimbo jingine. Sheria na sarafu zilitoka katika mji mmoja. Hakuna sababu ya kudhani kwamba mafundi wa kiwanda waliwafikiria watumwa walipochora mnyororo. Lakini mwanahistoria hawezi kuutazama Uhuru upande mmoja na minyororo upande wa pili bila kukumbuka hali ya mamia ya maelfu ya watu wenye asili ya Afrika waliokuwa wakimilikiwa katika jamhuri hiyo.

Mnyororo uliondolewa upesi, na mahali pake pakawekwa shada la majani. Kabla ya mwaka kwisha chapa ya tatu ilitokea, kazi ya mchoraji Joseph Wright: Uhuru amebeba kijiti chenye kofia juu yake, alama iliyochukuliwa katika desturi ya Warumi wa kale ya kumvika kofia mtumwa aliyeachwa huru. Wright hakuishi kuiona kazi yake ikienea. Homa ya manjano iliingia Philadelphia mwaka huo, ikawaua watu wapatao 5,000, naye akiwa mmoja wao. Kiwanda kilifungwa kwa muda. Hivyo mwaka 1793 peke yake una chapa tatu, na senti zake zote ni adimu leo.

3. Kutoka sokoni hadi sandukuni

Kwa miaka mingi hakuna aliyeiona senti kubwa kuwa kitu cha kutunzwa. Ilikuwa nzito mfukoni, ilichafua mikono, na sheria haikumlazimisha mtu yeyote kuipokea katika malipo. Gharama ya kuitengeneza ilipokaribia thamani yake, serikali iliamua kuikomesha. Sheria ya tarehe 21 Februari 1857 iliondoa senti kubwa na nusu senti, ikaleta senti ndogo ya shaba iliyochanganywa na nikeli, yenye upana wa milimita 19 badala ya 27 au zaidi. Tarehe 25 Mei mwaka huo watu walijipanga nje ya kiwanda cha Philadelphia, wakiwa na mifuko ya shaba na ya vipande vya zamani vya fedha za Kihispania, ili wabadilishiwe.

Kama ilivyo desturi ya binadamu, kitu kilithaminiwa kilipoanza kutoweka. Watu wazima waliokuwa wameitumia senti hiyo tangu utoto walianza kutafuta moja ya kila mwaka, na hapo wakagundua kwamba baadhi ya miaka, hasa 1793, 1799 na 1804, haipatikani kwa urahisi. Mwaka 1858 vyama viwili vya elimu ya sarafu vilianzishwa, kimoja Philadelphia na kingine New York. Hicho cha pili ndicho American Numismatic Society.

Ugunduzi wa pili ulikuwa wa maana zaidi. Katika miaka ya mwanzo kila muhuri wa chuma cha pua uliotumiwa kupiga chapa ulichongwa kwa mkono, herufi moja moja na tarakimu moja moja. Kwa hiyo mihuri miwili haikufanana kabisa: katika mmoja tarakimu 4 imeinama, katika mwingine jani limesogea, katika wa tatu nywele ni nyingi zaidi. Muhuri ulipoanza kupasuka, ufa wake ulionekana juu ya sarafu kama mstari ulioinuka, na kwa kufuata ufa unavyokua mtafiti aliweza kujua ipi ilitangulia na ipi ilifuata. Tabibu Edward Maris wa Philadelphia alichapisha mwaka 1869 uchunguzi wa senti za mwaka 1794, akazipa aina zake majina ya utani kwa kadiri ya nyuso na nywele zake. Mwaka 1877 Henry Chapman alitambua aina ya mwaka huohuo wa 1794 yenye nyota 94 ndogo mno, zilizozunguka ukingo wa upande wa nyuma. Kusudi la nyota hizo halijaelezwa hadi leo.

4. Mizani ya madaraja 70

Kadiri wakusanyaji walivyoongezeka, ndivyo ugomvi juu ya hali ya sarafu ulivyozidi. Waswahili husema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini katika biashara ya sarafu kuukuu, kibaya nacho kilijifunza kujiita kizuri. Muuzaji aliita “nzuri sana” sarafu ambayo mnunuzi, alipoipokea, aliiona ya kawaida tu.

Mwaka 1949 William Herbert Sheldon, mwanasaikolojia na tabibu, alitoa kitabu chake Early American Cents, kilichotolewa upya mwaka 1958 kwa jina la Penny Whimsy. Ndani yake alizipa nambari aina za senti za miaka 1793 hadi 1814, tangu 1 hadi 295, na nambari hizo zingali zinatumiwa. Alitunga pia kipimo cha uhaba chenye ngazi nane: ngazi ya kwanza ni ya aina zenye vipande vinavyojulikana zaidi ya 1,250, na ya nane ni ya aina zisizozidi vipande vitatu.

Lakini kilichompatia sifa zaidi ni mizani yake ya hali ya sarafu, tangu 1 hadi 70. Daraja la 1 ni la sarafu iliyochakaa kabisa, ila aina yake bado yaweza kutambulika. La 4 ni la sarafu ambayo umbo lote kuu laonekana. La 12 na la 20 ni za sarafu zilizotumika kwa kiasi. La 40 ni la ile iliyochakaa kidogo tu. Na tangu 60 ni sarafu ambazo hazikupata kutumika, 70 ikiwa ni ukamilifu.

Nambari hizo hazikuchaguliwa ovyo. Sheldon alidai kwamba zafuata bei ya soko: kila aina ina bei ya msingi, na bei ya kipande chochote hupatikana kwa kuizidisha bei ya msingi kwa daraja lake. Ikiwa bei ya msingi ni dola 2, kipande cha daraja la 4 kingeuzwa dola 8, na cha daraja la 60 dola 120. Ilikuwa ni hesabu ya kupendeza, ila haikudumu. Baada ya miaka michache bei za sarafu zisizotumika zilipanda kupita kiasi, na uhusiano kati ya daraja na bei ukavunjika. Ajabu ni kwamba hesabu ilikufa na nambari zikabaki. Katika miaka ya 1970 chama cha wakusanyaji wote wa Marekani kiliipokea mizani hiyo kwa sarafu za kila madini, na tangu 1986 makampuni ya upimaji yalianza kuzifungia sarafu ndani ya visanduku vya plastiki vyenye nambari ya daraja. Leo dhahabu ya Ulaya na fedha ya Asia hupimwa kwa hatua 70 zilizotungwa kwa ajili ya bei za senti ya shaba mwishoni mwa miaka ya 1940.

5. Namna ya kuitazama shaba

Wapenzi wa shaba wenyewe hawakuridhika. Mwaka 1967 walianzisha chama chao, Early American Coppers, chenye jarida liitwalo Penny-Wise, na hapo ukakua utaratibu mkali zaidi. Sababu yake ni maumbile ya shaba. Dhahabu haigeuki, shaba hubadilika kila siku. Sarafu mpya ni nyekundu. Hewa huifanya kuwa ya hudhurungi, kisha ya rangi ya zeituni au nyeusi. Unyevu huiletea kutu ya kijani na vitobo. Na mtu akiisugua ili ing'ae huiharibia ngozi yake ya asili, isirudi tena.

Kwa hiyo mpimaji hufanya kazi kwa hatua mbili. Kwanza hutazama sehemu zilizoinuka, hasa nywele za juu ya paji la uso na karibu na sikio, pamoja na majani ya shada, kwa kuwa hizo ndizo zichakaazo kwanza. Kutokana nazo hupata daraja la ukali wa chapa. Pili huchunguza uso wote: kutu, mikwaruzo, mipigo ukingoni, dalili za kusafishwa, na kwa kila kasoro hupunguza. Senti yenye ukali wa daraja la 20 yaweza kushuka hadi 12 au chini yake kwa sababu ya vitobo. Kutokana na hayo, senti moja yaweza kuwa na nambari mbili: ya kampuni iliyoifunga katika plastiki, na ya chini zaidi itolewayo na wapimaji wa chama. Mnunuzi asiyejua tofauti hiyo hulipa bei ya nambari, wala si ya sarafu.

Kuna pia jambo ambalo mizani haiwezi kulisema. Miongoni mwa senti za 1793 ipo aina moja ambayo jani lililo juu ya tarehe lafanana na jani la stroberi. Vipande vinne tu vyajulikana, na vyote vimechakaa. Kwa daraja ni vya hali ya chini. Kwa mkusanyaji ni miongoni mwa vitu vya thamani kubwa kabisa. Tena daraja la chini lina maana yake kihistoria: sarafu ya 65 ni sarafu ambayo haikupata kununua kitu, ilhali ile ya 3 ilifanya kazi yake yote, ikapita kwa mwokaji, kwa baharia, kwa mfuaji nguo, mpaka uso wa Uhuru ukafutika.

6. Mpimaji apimwa

Sheldon hakupima sarafu tu. Katika kazi yake kuu alidai kwamba tabia ya binadamu yasomeka katika umbo la mwili, akawapa watu tarakimu tatu, kila moja tangu 1 hadi 7, kulingana na unene, misuli na wembamba. Kwa ajili hiyo alikusanya maelfu ya picha za wanafunzi wa vyuo wakiwa uchi. Wataalamu waliikataa nadharia hiyo, na picha zenyewe zilipotangazwa magazetini mwaka 1995 zilizua lawama kubwa. Tamaa ileile ya kukitia kila kitu katika nambari ilionekana katika kazi zote mbili. Tofauti ni kwamba sarafu haidhuriki kwa kuitwa ya chini, na mwanadamu hudhurika.

Lakini jambo zito zaidi lilihusu shaba yenyewe. Mwaka 1946 George Clapp, tajiri wa viwanda vya alumini wa Pittsburgh na mtafiti hodari wa senti, alitoa mkusanyiko wake kwa American Numismatic Society, ili utumiwe na watafiti wote. Sheldon alikuwa miongoni mwa walioaminiwa kuufikia. Baada ya kifo chake mwaka 1977, uchunguzi ulifunua kwamba vipande vingi bora vya Clapp havikuwa tena sandukuni: mahali pake palikuwa na vipande vya aina zilezile, vya hali hafifu. Vile bora vilikuwa vimeingia katika mkusanyiko wa Sheldon mwenyewe, ambao aliuuza mwaka 1972 kwa mnunuzi asiyejua asili yake.

Ushahidi ulipatikana kwa njia ileile aliyoifundisha Sheldon. Kwa kuwa kila sarafu ina mikwaruzo na madoa yake, picha za zamani zililinganishwa na vipande vilivyokuwapo, na ukweli ukajitokeza. Mwaka 1996 mahakama ya rufani ya California ilitamka kwamba, kwa wizi wa wakati huo, muda wa kudai mali huhesabiwa tangu mwenyewe alipogundua, wala si tangu ilipoibwa. Na hatimaye chama kilirudishiwa sarafu zilizokuwa kwa mnunuzi huyo.

Hitimisho

Senti kubwa ya shaba ilizaliwa na jamhuri iliyotaka mwananchi wa hali ya chini awe na fedha ya kweli mkononi, yenye uzito ulio sawa na ahadi yake. Uzito ulipunguzwa mara mbili, mnyororo ukaondolewa, na mwishowe sarafu yenyewe ikakomeshwa. Lakini ikaacha nyuma yake elimu ya kutazama kwa makini na mizani iliyoenea duniani.

Kuhusu mizani hiyo, historia yatoa jibu la pande mbili. Nambari zilizotungwa na Sheldon zimeendelea kutumika kwa sababu hazikutegemea uaminifu wake: mtu yeyote mwenye macho, nuru na subira aweza kuzihakiki. Kilichotegemea uaminifu ni kule kufunguliwa sanduku, na hapo ndipo palipoharibika. Ni funzo kwa kila taasisi itunzayo kumbukumbu za watu, iwe ya sarafu, ya hati au ya masimulizi: kuzipiga picha, kuziandika katika daftari na kuzihesabu tena mbele ya mashahidi si dharau kwa mtafiti aliyekaribishwa. Kwa Clapp, picha hizo ndizo zilizosema ukweli wakati yeye mwenyewe hakuwapo tena kusema.